Lulu wa Tanga na Mstari wa Kijani

Jumamosi. Niko Ramadhani, kata ya hapa Njombe, msije mkadhani nazungumzia mwezi wa kufunga. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, bati linadondosha maji na wala mvua haijanyesha. Vidole vimekufa ganzi, nachapa nikikosea na kufuta, nikikosea na kufuta. Lakini leo nisipoandika nitapasuka.

Nimesalitiwa.

Nimetafuta neno jepesi kuliko hilo, nimelikosa.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni Aneth. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, naishi na mama. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, kaka yangu ameoa yuko Ludewa, kwa hiyo nyumba hii ni ya mama, mimi, na mashine ya mama. Mama anafuma masweta ya shule. Sebule yetu haina kochi, ina mashine ya kufumia na marundo ya nyuzi za bluu, kijivu na damu ya mzee. Sauti ya ile mashine nimelala nayo na kuamka nayo tangu nikiwa mdogo. Ikinyamaza, najua mama amesimama, au mteja amekuja, au uzi umekatika.

Leo nimejua kwamba kuna sababu nyingine ya kunyamaza.

Nianze na gemu. Wasomaji wangu wa siku zote mnalijua, nimelisema hapa mpaka mmechoka. Ni kijiji ndani ya simu. Unapewa shamba, unalima, unajenga, unaingia kwenye kikundi na watu ambao hujawahi kuwaona kwa macho. Mnachimba mfereji pamoja, mnajenga soko, mnagombana, mnapatana. Kuna na chumba cha ushonaji: unachora nguo nukta kwa nukta, unachagua rangi ya kila nukta, halafu mtu wako wa kwenye gemu anaivaa na kutamba nayo kijijini.

Watu wazima wakisikia gemu wanadhani ni risasi na kumaliza bando. Mimi humo nimejifunza kuendesha kikao cha watu ambao kila mmoja anajiona ndiye mwenye kijiji. Nimejifunza kuomba msamaha kwa maandishi, neno kwa neno, bila kujificha nyuma ya kicheko. Na nimejifunza kuchora. Shuleni hatukuwahi kuwa na mwalimu wa sanaa, lakini kwenye kile chumba cha ushonaji nilikaa mpaka nikaanza kuona rangi zinavyosemezana. Ninaposikia vijana wa siku hizi hawajifunzi chochote kwenye simu, huwa nacheka peke yangu.

Leo sicheki.

Humo kijijini ndimo nilimpata Lulu. Jina lake kamili la kwenye gemu ni Lulu wa Tanga. Alijiunga akiwa hajui hata kupanda mbegu, nikamfundisha. Nilimfundisha kwa uvumilivu ambao, kusema kweli, nyumbani sinao. Alikuwa anauliza jambo moja mara nne, nami namjibu mara nne na kikatuni cha tabasamu juu yake. Baadaye tukaanza kuongea mambo yasiyo ya kijiji. Alisema ana miaka ishirini na kitu, anaishi na shangazi yake, anashona shona. Alikuwa na maneno machache na masikio marefu. Kila nilipoingia, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Umekula?"

Nilimwambia kila kitu. Kuhusu yule kaka wa kwaya ya vijana ambaye hata hajui kama nipo. Kuhusu matokeo yangu ya hesabu. Kuhusu baba, ambaye sura yake imeanza kunipotea na naogopa kumwambia mtu yeyote. Na kuhusu mama. Nilimwambia Lulu kwamba nyumba hii inanibana kifua, kwamba mama akitoka chumbani na kuniangalia naona kama anahesabu siku nitakazomwacha. Kuna siku nilimwandikia kuwa natamani mama angekuwa na mtu mwingine wa kumpenda, walau nipumzike.

Akanijibu: "Mvumilie. Hana namna nyingine."

Mwaka jana kanisani walimleta mtoa mada kwenye semina ya vijana, akazungumzia hatari za mitandao. Alizungumza vizuri tu. Alisema, huyo unayemwita dada huko mtandaoni anaweza kuwa mbaba mwenye ndevu. Tulicheka mpaka viti vikalia. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Lulu, naye akaandika, "Mimi sina ndevu, labda nikizeeka." Nikacheka tena.

Walituonya kuhusu wageni. Hakuna aliyetuonya kuhusu mama.

Ngoja nieleze nilivyojua, maana hata mimi nikijisikiliza naona kama natunga.

Siku yangu ya kuzaliwa Lulu alinichorea sweta kwenye chumba cha ushonaji akanizawadia. La zambarau, lina vialmasi vyeupe shingoni. Nililivalisha mtu wangu na sijamvua mpaka leo. Asubuhi hii, nikiwa kitandani sitaki kukanyaga sakafu ya baridi, nikasema nilifungue nione vile vialmasi amevipangaje. Ukilifungua vazi kule, linatandazwa lote, hata sehemu ambazo likivaliwa hazionekani. Nikaona pindo la chini. Upande wa ndani, pale panapokunjwa, kuna mstari mmoja wa kijani.

Mstari mmoja, mahali ambapo hakuna atakayeuona milele.

Sasa sikilizeni. Mama ana tabia yake ya kazi. Kila sweta analofuma, liwe la rangi gani, kwenye pindo la chini kwa ndani anapitisha mstari mmoja wa uzi wa kijani. Mteja haujui. Ni kwa ajili ya siku mzazi atakaporudi analalamika kwamba sweta limefumuka. Mama analikunjua pindo: akiona kijani analirekebisha bure na kuomba radhi, asipoona anamwambia mzazi kwa upole alirudishe kule alikolinunua. Hakuna fundi mwingine mjini hapa mwenye alama hiyo. Mama anajisifia nayo mpaka kwa mchungaji.

Nililivua sweta langu, lile la shule ambalo bado nalivaa nyumbani. Nikakunjua pindo. Kijani.

Nilikaa pale kitandani nikiwa na sweta mkononi na simu mkononi, na mwili hauhisi tena baridi wala nini.

Bado nilitaka nisiamini. Sebuleni mashine ilikuwa inakwenda, krr kwenda, krr kurudi. Nikamwandikia Lulu: "Upo?" Mashine ikanyamaza. Baada ya muda kidogo simu yangu ikatetemeka: "Nipo mpenzi. Umekula?" Halafu mashine ikaanza tena. Nikaandika kitu kingine cha kipuuzi, sikumbuki hata ni nini. Mashine ikanyamaza. Jibu likaja. Mashine ikaanza.

Nilijifunika blanketi mpaka kichwani nikalia bila sauti, kama nilivyozoea, maana kuta zetu ni nyembamba.

Halafu mambo yote yakaanza kurudi, moja moja, kila moja na kofi lake. Simu. Nilipopata simu mpya nilimpa mama ile ya zamani, awe anawatumia wateja picha za masweta, na gemu sikulifuta. Ni mimi niliyemfundisha kuandika meseji. Na ile Tanga! Mama alikwenda Tanga mara moja maishani mwake, na kwaya, kabla sijazaliwa, na mpaka leo anasimulia machungwa ya kule, ya kijani kwa nje na matamu ajabu. Lulu naye kila nilipomuuliza kuhusu kwao alikuwa na habari moja tu, ya machungwa. Nikawa namwona ni mtu asiye na makuu.

Na ule msimu gemu lilipoleta baridi kijijini. Wenzetu wa Dar na Mwanza waliacha miche yao ikakauka, hawana habari. Lulu peke yake alifunika miche yake kwa majani makavu kabla jua halijazama. Nikamuuliza, mtu wa Tanga unajulia wapi mambo ya sakitu, baridi hii ya kuganda inayounguza majani? Akasema amesoma mahali. Hapa kwetu tunafunika hivyo hivyo miche ya kabichi mwezi wa saba, mimi na mama, kila jioni, vidole vikituuma. Niliona kwa macho yangu na sikuona.

Kuna siku nilimwambia Lulu nimekumbuka maandazi ya iliki. Kesho yake mama akaamka akapika maandazi ya iliki. Nilidhani ni Mungu.

Haya yote ningeweza kuyacheka siku moja. Naapa ningeweza. Mama mjane, baridi, simu ya skrini iliyopasuka, anajifunza kupanda viazi vya uongo ili akae karibu na mwanae. Ningesimulia kwenye harusi yangu na watu wangejifuta machozi.

Lakini kuna Makambako.

Kwenye kikundi chetu kuna Idrisa, kijana wa Makambako, anacheza kwa jina lake mwenyewe na picha ya pikipiki yake. Shangazi yake, Mama Shamsa, ana duka karibu na stendi, wanachapa fulana, kofia na mabango. Idrisa alimwonyesha michoro yangu ya kwenye gemu. Mama Shamsa akasema huyo binti aje, ajifunze mashine, achore, atalala na Shamsa chumba kimoja, akishazoea tutazungumza vizuri. Idrisa alinipigia na kumpa shangazi yake simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye haraka na roho nzuri. Alisema, "Mwanangu, mimi sitaki cheti. Nataka mkono wako."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba anataka mkono wangu.

Niliogopa kumwambia mama. Nikasema nianze na Lulu, anisaidie kupanga maneno. Nilimwandikia meseji ndefu, yenye furaha mpaka inaruka ruka. Siku hiyo alichelewa kujibu, na jibu lilipokuja lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuniandikia.

"Subiri kwanza. Huyo Idrisa unamjua wewe? Watu wa mtandaoni wanajifanya. Stendi si mahali pa binti. Na mimi nikiwa kama dada yako nakwambia, mkono wako bado haujakomaa, utaaibika."

Haujakomaa. Lulu, ambaye siku zote alisema michoro yangu inamtoa machozi, ndiye aliyeniambia hivyo, na kwa sababu alikuwa hajawahi kunisema vibaya, nikamwamini. Nilimpigia Idrisa nikamwambia siko tayari. Akasema sawa, nitamwambia shangazi. Mama sikumwambia chochote. Jioni hiyo mama aliimba akipika. Nakumbuka kwa sababu sikuwa na raha, na kuimba kwake kulinikera.

Alikuwa anaimba kwa sababu nabaki.

Hapo ndipo panaponiuma, na nimepazunguka asubuhi yote nisipaguse. Angesema "usiende" kwa kinywa chake, kama mama, ningelia, tungegombana, pengine ningekwenda na pengine ningebaki. Lakini ningejua nagombana na nani. Yeye alimchukua rafiki yangu wa pekee akamtumia kunishikia miguu. Alijua neno gani litanivunja kwa sababu mimi mwenyewe nilimweleza Lulu ninapovunjikia. Nilimpa ramani, akaitumia.

Halafu alijifanya mtu wa mtandaoni ili aniambie kwamba watu wa mtandaoni wanajifanya. Mama yangu. Katibu mstaafu wa kwaya.

Saa ya chakula tulikaa jikoni kama kawaida. Viazi na maharage. Mteja mmoja alipita dirishani akamsalimu, "Kamwene!" naye akaitikia, wakacheka pamoja kwa Kibena kuhusu bei ya nyuzi. Nilimsikiliza akicheka. Nilikuwa nimempa Lulu sauti kichwani mwangu, sauti ya binti mwembamba wa pwani, na pale mezani ikawa inajifuta, inaingia hii ya mama.

"Mbona huli?" akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujala? Au kichwa? Nikuchemshie tangawizi?"

Nikamwangalia. Ana sufu kwenye nywele siku zote, hajui. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Badala yake nikasema hapana mama, asante, nikaosha sahani. Nimelelewa hivyo, hasira nazipeleka kwenye masufuria.

Na kuna kitu kingine ambacho sitaki kukiandika, ila nimeahidi hapa siku zote kusema kweli. Yeye alisoma yote. Alisoma kwamba natamani angekuwa na mtu mwingine wa kumpenda. Alisoma mchana, jioni akanichotea maji ya moto ya kuoga. Sijui alilala vipi siku ile. Nataka kumkasirikia kwa utulivu, na hilo linanijia katikati na kuniharibia hasira yangu.

Baada ya kuosha vyombo nilitoka hadi kwenye miche ya kabichi nikampigia Idrisa. Nilijua atanikatia. Hakunikatia. Alisema shangazi yake alimjaribu kijana mwingine, anachora maua tu, hata bango la duka la vipuri anaweka maua. Nikacheka, mara ya kwanza leo. Nikasikia anamwita shangazi yake, nikasikia sauti ile ya haraka kwa mbali: "Aje Jumatatu, na safari hii aje kweli."

Kwa hiyo sasa mmefika nilipo. Ni alasiri, niko chumbani, mlango nimeurudishia. Mashine inakwenda sebuleni. Nimefungua kijiji. Lulu amesimama shambani kwake na kofia yake ya majani. Kabla sijamaliza kuandika blogu hii nimemwandikia:

"Lulu, nimebadili mawazo. Jumatatu naenda Makambako kwa Mama Shamsa. Nimeshamwambia Idrisa. Wewe unadhani mama yangu ataweza kukaa peke yake?"

Nimetuma.

Mashine imenyamaza.

Nimesubiri. Alama ya kwamba anaandika imekuja, imepotea, imekuja tena. Nimesikia kiti kikisogezwa. Nimesikia mtu akipenga kamasi taratibu, kwa adabu, kama mtu aliye kanisani. Nimetamani kuinuka nifungue mlango, niseme mama, basi, nimejua. Sijainuka. Nimegundua kwamba nataka anijibu Lulu. Mara moja ya mwisho nataka jibu la rafiki yangu.

Jibu limekuja.

"Atalia. Halafu atazoea. Mkono wako umekomaa siku nyingi, nilikudanganya. Makambako kuna upepo, beba sweta."

Chini yake, kwa yale maandishi madogo ya kijivu ya gemu: Lulu wa Tanga ameondoka kijijini.

Shamba lake limebaki tupu, nyasi tayari zimeanza kuota, gemu halina huruma. Mashine imeanza tena sebuleni, krr kwenda, krr kurudi, polepole kuliko kawaida. Labda amejua kwamba nimejua. Labda amechoka tu kuwa na miaka ishirini na kitu. Hajaja kugonga mlango wangu, nami sijaufungua.

Mama sijamsamehe. Naandika hivyo ili nikisoma wiki ijayo nisijidanganye. Itabidi tuzungumze kesho tukitoka kanisani, kwa vinywa vyetu hivi hivi, kila mtu na jina lake, na sijui hata tutaanzia wapi, maana hatujawahi.

Lakini Lulu nifanyeje naye? Ndiye niliyemfundisha kupanda mbegu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba namsahau baba. Rafiki yangu amekufa leo alasiri na siwezi kumlilia kwa sauti, kwa sababu yuko sebuleni, anafuma, na muda si mrefu ataniita nikale.

Jumatatu naondoka. Sweta bado sijaamua.